Nenda kwa ajili yako, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Huku Minneapolis hatujambo, tunamshukuru Mungu.

Juzi uliniambia umempigia bosi wa Baba Neema ukasema mumeo ana mafua, kumbe amelala sebuleni na viatu miguuni. Nilikuacha ulie. Leo nikueleze habari za kikundi ninachokwenda kila Jumanne tangu mjomba wako azidiwe na pombe. Kinaitwa Al-Anon, ni cha watu wenye ndugu, mume, mke au rafiki mlevi. Walevi wenyewe wana AA yao (Alcoholics Anonymous) ya kusaidiana kuacha pombe, iliyoanzia hukohuko kwenu Ohio, mjini Akron, mwaka 1935.

Najua utasema mambo ya nyumbani hayatolewi nje. Pale hakuna anayekuuliza jina la ukoo wala unafanya kazi wapi. Jina la kwanza linatosha, na yanayosemwa pale yanabaki palepale. Sisi hukutana chini ya kanisa, ingawa kikundi si cha dini yoyote. Mmoja anazungumza, wengine wanasikiliza mpaka amalize. Hakuna wa kukuambia uachane naye, wala wa kukuambia uvumilie. Baada ya miaka ya kushauriwa na kila shangazi, hilo peke yake lilinipumzisha. Kikapu kikipita unatia dola moja au mbili. Kama huna, unakipitisha kwa wa jirani.

Lakini usiende kutafuta namna ya kumwachisha pombe. Wenyewe husema: hukuuleta ulevi wake, huwezi kuutawala, huwezi kuuponya. Lois Wilson, aliyeanzisha Al-Anon pamoja na mwenzake Anne mwaka 1951, alikuwa mke wa Bill, mmoja wa waasisi wa AA. Bill alikuwa ameshaacha kunywa, lakini siku alipomhimiza wasichelewe mkutanoni, Lois alimrushia kiatu. Pombe ilishatoka nyumbani, hasira ikabaki na yeye. Ndiyo maana sitaki usubiri mpaka Baba Neema aache ndipo uanze kujitazama.

Bosi akipiga tena, mpe mumeo simu. Asipoamka, iache iite mpaka ikatike. Unaweza kumfunika blanketi mtu unayempenda na bado ukakataa kumsemea uongo.

Ila akikuinulia mkono, mama, hilo si la kupeleka kwenye kikundi. Mchukue Neema mtoke, piga 911 uite polisi, kisha nipigie mimi, hata iwe saa nane za usiku.

Al-Anon humshauri mgeni ahudhurie mikutano sita hivi kabla ya kuamua kama panamfaa. Neema naye ameshakuwa msichana, na vijana wana kikundi chao, Alateen, tangu 1957. Muulize, usimlazimishe. Kama kutoka jioni ni shida, ipo mikutano ya simu na ya intaneti. Alhamisi siendi kazini. Ukitaka, wa kwanza tuuingie pamoja, mimi nikiwa huku nawe huko.

Mama yako