Dada yangu aliacha kula kwa habari yenu

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu nikiwa mwalimu kijana wa skuli, na sijapata kukuandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza kwa ile habari yenu ya dawa za kuinyima saratani ya matiti chakula chake, yaani sukari.

Dada yangu, hapa Wete, aliisoma kabla yangu. Ana saratani hiyo, na alikuwa keshapigwa dripu mbili za dawa ya saratani kati ya sita. Akaacha wali, muhogo, ndizi, hata tende. Akanunua metfomini, dawa ya kisukari, dukani bila ya cheti, na kisukari hana. Wiki ya tatu namwogesha, bangili yake ikateleza yenyewe mkononi ikaangukia ndooni. Siku ya dripu ya tatu akapimwa, damu imeshuka, uzito umeshuka, akarudishwa nyumbani bila ya dawa. Uvimbe uko palepale. Mlimtaja Otto Warburg, Mjerumani aliyegundua miaka ya 1920 kwamba seli za saratani hula glukosi, yaani sukari, kwa pupa hata penye oksijeni tele. Kweli. Mbona hamkuandika kwamba mtu akiacha sukari ini lake huitengeneza, na uvimbe ukaendelea kula? Mbona hamkuandika kwamba metfomini ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 3,600 wa saratani ya matiti wasio na kisukari, na majibu ya 2022 yakaonyesha haikuzuia ugonjwa kurudi? Hata alpelisibu, dawa nyingine ya saratani ya matiti iliyoidhinishwa Marekani 2019, ni ya saratani iliyosambaa yenye hitilafu maalumu ya jeni, hutolewa pamoja na dawa ya homoni, na yenyewe hupandisha sukari ya damu! Dawa za namna hii, hata ile inayofaa, husaidiana na matibabu, haziyaondoi.

Na majibu ya kinyama, kile kipande cha uvimbe kilichokatwa kupimwa, je? Wiki tisa tulingoja, kisha tukasomewa kwa simu, kwa Kiingereza, huku mama kakaa kitako ananitazama usoni. Mgonjwa aliyeachwa gizani wiki tisa atashika lolote atakalolisoma.

Naomba Ijumaa hii mchape masahihisho ukurasa uleule, kwa herufi zilezile kubwa: usiache dripu, usiache kula, usinunue metfomini bila ya daktari. Nakala moja nitaibandika mwenyewe kwenye mlango wa duka la dawa. Dada anarudi kupimwa Jumatatu, na jana amemaliza bakuli zima la uji.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba