Matembezi ya wiki hii (kwa wenye maumivu ya magoti na nyonga)

Habari za jioni ndugu zangu. Tunatembea Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, dakika 15. Dakika 3 za mwanzo na 3 za mwisho ni polepole. Katikati changamkeni, ila uweze kuongea bila kuhema. Chagueni njia tambarare, kwani kushuka mlima hulemea goti. Viatu vya kamba, si ndala.

Kabla na baada, nitumieni alama ya maumivu, 0 (hakuna) hadi 10 (makali kabisa). Yakibaki juu kuliko kawaida yako zaidi ya saa 2, umepitiliza: siku inayofuata punguza dakika 5. Tafadhali usiache kabisa, kiungo kisichotumika hukakamaa. Goti likivimba na kuwa la moto, usitembee. Nenda kituo cha afya, kisha unijulishe.