Wenyeji wa pwani waulizwe kabla ramani haijachorwa

Ndugu mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako nisemee hili la mipango ya pwani. Kila mkiandika habari za bahari kula nchi kavu anayehojiwa ni injinia na mtu wa wizara, wanataja gharama ya ukuta na thamani ya majengo, basi imeisha hiyo. Sasa diko la wavuvi, njia ya kushukia ufukweni, makaburi ya wazee, pale watoto wanapojifunzia kuogelea, vyote hivyo havina hati wala bei kwahiyo kwenye mahesabu vinaingia sifuri, halafu watu wakigomea mradi tunaambiwa hawapendi maendeleo!

Angalieni Fairbourne, kijiji cha pwani kule Wales. Mwaka 2014 ilijulikana kwamba halmashauri ina mpango kinga za kuzuia maji ya bahari zisiendelee kutunzwa baadae, ukatajwa mwaka 2054. Bahari haijafika bado lakini bei za nyumba zikaporomoka na mikopo ya benki ikawa shida kupatikana. Mimi sibishani na sayansi yao, kijiji kiko chini na maji yanapanda kweli, ila kumwambia mtu kijiji chake kina tarehe ya mwisho wakati hamjakaa nae mkapanga atahamia wapi na kama majirani wataenda pamoja au kila mtu kivyake, hapo mmempa notisi tu.

Na sisi wenyeji nasi tuna yetu, tukisikia mmomonyoko tunadai ukuta hapo hapo. Ukuta unalirudisha wimbi na nguvu zake, linachimba mchanga wa mbele, mwisho mnabaki na ukuta ufukwe hamna. Matuta ya mawe yanayoingia baharini ndo balaa zaidi, yanadaka mchanga unaosafiri na mkondo huku kwenu panajaa, jirani wa mbele anamomonyoka. Kwahiyo kikao kiwe cha eneo lote mchanga unakopita, sio kila kata na kikao chake. Uingereza angalau mipaka ya mipango yao inafuata mwendo wa mchanga, hilo nawapa.

Ombi langu kwenu, mkienda kuripoti mradi wa pwani muulize kikao cha wenyeji kilikaa lini, kabla ya ramani au baada, na ni mstari upi kwenye ramani ulisogezwa kwa sababu ya walichosema. Kama hakuna hata mmoja andikeni hivyo hivyo.

Msomaji wenu