Bwawa lako linaweza kutoa umeme? Pima kwanza maji yanayotoka

Wateja wengi wanaotaka umeme wa maji huanza kwa kutueleza ukubwa wa bwawa. Sisi tunauliza mengine: maji yanatoka kiasi gani kwa sekunde, na yanashuka mita ngapi?

Chukua bwawa la mita za ujazo 500 lenye mteremko wa mita 3. Ukilikausha lote kupitia turbaini ndogo, yaani mashine inayozungushwa na maji, ambayo mara nyingi hugeuza kama nusu tu ya nguvu ya maji kuwa umeme, unapata uniti 2 hivi. Hizo zinaendesha pasi ya wati 1,000 kwa saa mbili, na bwawa limebaki tope. Kuyarudisha maji juu kwa pampu kutakula umeme mwingi kuliko uliopata, kwa hiyo akija mtu kukuuzia mpango huo, mkatalie.

Sasa chukua bwawa dogo linalolishwa na kijito, linalotoa lita 5 kwa sekunde na kushuka mita 4. Zidisha 5 kwa 4 kwa 9.81 (namba ya mvutano wa dunia): wati 196. Ukitoa upotevu, zinabaki kama wati 100. Ni kidogo, lakini zinatoka usiku na mchana, jua liwepo lisiwepo, na kwa siku ni uniti 2.4. Ukiweka betri na inveta, taa, simu na televisheni ndogo hazikusumbui tena.

Kupima ni kazi ya ndoo. Elekeza maji yote ya mfereji wa kutolea kwenye ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa sekunde 4, una lita 5 kwa sekunde. Tafadhali pima wakati wa kiangazi. Mtambo uliochaguliwa kwa maji ya mvua husimama kijito kikipungua.

Bomba nalo lisidharauliwe. Lita hizo 5 kwenye bomba la inchi 2 lenye urefu wa mita 50 zinahitaji karibu mita 6 za mteremko kushinda msuguano peke yake, na wewe unazo 4, kwa hiyo hazitapita zote. Bomba la inchi 4 hupoteza kama sentimita 20 tu. Ndiyo maana hatukubali kubana bajeti hapo.

Mdomo wa bomba uwekewe chujio, nalo lisafishwe majani mara kwa mara. Ulizia pia kibali cha kutumia maji kabla ya kuchimba chochote.

Ukiwa tayari, tutumie muda wa ndoo kujaa, mteremko na umbali wa bomba. Kama umeme hautatosha, tutakwambia kabla hujanunua kitu.