MI si Missouri

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kushika kalamu, lakini maelekezo mliyowapa wiki jana wanaotuma barua Marekani yamenishinda kuyanyamazia. Mlisema kifupisho cha jimbo ni herufi mbili za mwanzo za jina lake. Si kweli, na atakayewafuata atapoteza barua.

Yahesabuni wenyewe. Majimbo yanayoanza na M ni manane, na manne kati yake yanaanza na Mi: Michigan, Minnesota, Mississippi na Missouri. Lililopewa MI ni Michigan peke yake. Minnesota ni MN, Mississippi ni MS. Missouri hata ukichukua herufi ya kwanza na ya mwisho unarudi palepale kwenye MI, ndiyo maana ikabaki na MO, kifupisho chake cha tangu karne ya 19. Kwenye Ma ni hivyo hivyo: Massachusetts ikachukua MA, Maine ME, Maryland MD. Kanuni isiyoyumba iko kwa majimbo yenye majina ya maneno mawili tu, kama New York (NY) na West Virginia (WV). Mengine ni ya kutazama kwenye orodha, basi.

Kilicholazimisha herufi mbili ni nafasi. Msimbo wa posta wa Marekani, ZIP, wa tarakimu tano, ulianza Julai 1963, na mitambo mingi ya kuchapa anwani wakati huo haikumudu zaidi ya nafasi 23 kwenye mstari wa mwisho, ambao ndio unaobeba mji, jimbo na msimbo. Andika SPRINGFIELD MISSOURI 65806: ukihesabu na mapengo, ni nafasi 26. Weka MO, zinabaki 20. Orodha ya Juni mwaka huo bado ilikuwa na vifupisho virefu. Kufika Oktoba vyote vikawa vya herufi mbili. Tangu hapo kimebadilika kimoja tu: mwaka 1969 Nebraska ilitoka NB ikawa NE kwa ombi la posta ya Kanada, kwa kuwa NB kwao ni New Brunswick.

Sasa tazameni kosa lenu linavyofanya kazi. Bahasha ya vyeti vya kijana aliyekuwa akisubiriwa chuoni Missouri iliandikwa "Springfield, MI", bila ZIP. Michigan nayo ina mji unaoitwa Springfield! Kwa hiyo hakuna mashine wala karani ambaye angeshtuka; anwani inasomeka sawasawa, ila ni ya jimbo jingine. Bahasha ilikwenda huko, mtaa haukupatikana, ikarudi huku kona zimechakaa na mhuri juu ya mhuri, muda wa kujiandikisha umeshapita. Herufi moja tu, I badala ya O. Na ZIP ingekuwepo, 658 za mwanzo zingeonyesha Missouri.

Hapo hapo kuna ugonjwa mwingine. Sisi tumezoea msimbo kutangulia mji, kama S.L.P. 1234-00100 Nairobi, basi watu wanapanga na anwani ya Marekani vivyo hivyo. Kule ni mji, jimbo, kisha ZIP, kwa herufi kubwa na bila nukta: MO, si M.O. Jina la nchi likae peke yake mstari wa chini kabisa, kwa ukamilifu. Ukiishia na CA, huyo ni California au Kanada?

Ninachoomba ni jedwali la majimbo manane ya M na manne ya A (AL Alabama, AK Alaska, AZ Arizona, AR Arkansas), lenye upana wa bahasha ndefu. Lichapeni Jumatatu nne mfululizo, ukurasa wa kulia, nyuma yake pasiwe na tangazo la maana, ili makarani walikate na kulibandika kwenye dirisha la stempu, upande wa mteja.

Msomaji wenu,
Mombasa