Barua ya malalamiko: mlango wa Shangani, nyumba ya Fuoni

Tabata, Dar es Salaam
2 Septemba 2024

Kwa Meneja,
Kampuni ya Safari na Utalii,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO NA MADAI YA FEDHA, SAFARI YA MJI MKONGWE, ZANZIBAR, TAREHE 23–25 AGOSTI 2024, WATU SITA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ndiye kijumbe wa wanawake sita mliotusafirisha Unguja mwisho wa wiki ile. Nasema kijumbe kwa maana ile ile ya mchezo wa kuchangishana hela: mimi ndiye niliyekusanya hela, nikaandika daftari, nikawakumbusha waliochelewa, na ni mimi niliyewachagua nyinyi. Kwa miezi 10, Oktoba 2023 hadi Julai 2024, kila mmoja wetu alitoa 35,000 kwa mwezi. Zikatimia 2,100,000. Kati ya hizo tukawalipa nyinyi 1,860,000 kwa mikupuo miwili, nusu mwezi Juni na nusu tarehe 1 Agosti, na 240,000 tukazibakiza za kula Forodhani usiku. Hizo za Forodhani ndizo pekee ambazo sina malalamiko nazo.

Nawaandikia kwa karatasi kwa kuwa simu zimenishinda. Tarehe 26 na tarehe 28 Agosti mliniahidi kunipigia, hamkupiga. Tarehe 30 mkanitumia ujumbe kwamba mnatupa punguzo la asilimia 15 kwa safari yetu ijayo. Ndugu Meneja, safari ijayo haipo.

Nianze na Ijumaa. Ratiba yenu ilisema boti ya saa moja asubuhi. Tulifika bandarini saa kumi na mbili kasorobo, vitambulisho mkononi kama mlivyotuelekeza. Majina yetu hayakuwemo. Dada wa dirishani alitafuta kwa majina, akatafuta tena kwa namba za simu, hola. Nilimpigia mtu wenu mara tisa ndipo akapokea, sauti bado ya usingizi. Tiketi zikaja kukatwa saa mbili na dakika kumi, za boti ya saa sita na nusu mchana. Muda huo umechapwa kwenye tiketi zenyewe, nakala nimeziambatanisha, kwa hiyo sidhani kama tutabishana. Hela mliyomaliza kulipwa tarehe 1 ilikaa kwenu siku 22 bila mtu kununua tiketi.

Tukakaa bandarini na mabegi kwa muda wa karibu saa saba. Mmoja wetu ni nesi. Alitoka zamu ya usiku akaja moja kwa moja, akasinzia ameegemea begi langu na sare bado iko mwilini chini ya khanga. Mwingine alikuwa amemwachia mama mkwe mtoto aliyemwachisha ziwa wiki mbili tu nyuma. Kila boti ilipong'oa nanga alinigeukia, akanitazama, akarudisha macho baharini. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Safari yenyewe ya majini sina lawama nayo. Kusi lilikuwa linavuma, wawili wetu walitapika, ndiyo bahari ya Agosti.

Pale bandari ya Malindi, Unguja, hatukukuta mtu, wala hilo bango lenye jina langu mliloliandika kwenye ratiba. Gari lilikuja saa kumi. Dereva, kijana mpole, akapita Darajani, akapita Michenzani, akazidi kwenda. Nikamwambia, "Kaka, mbona Forodhani tumeiacha nyuma?" Akanijibu, "Mie nimeambiwa Fuoni, dada."

Sasa naomba msome tena tangazo lenu, maana ninalo mbele yangu: "Nyumba ya asili, Shangani, dakika tano kwa miguu mpaka Forodhani, vyumba vitatu, kifungua kinywa." Chini yake picha ya mlango mkubwa wa kuchongwa, milango miwili na mfaa katikati, misumari ya shaba imepangwa safu kwa safu. Nakiri kosa langu: mlango ule ulinilewesha. Niliutuma kwenye kundi letu la simu saa nne usiku na mpaka saa tano wote watano walikuwa wamekubali. Sikuuliza nyumba ni ya nani wala iko mtaa gani hasa. Lakini kutokuuliza kwangu hakuwapi nyinyi ruhusa ya kutupeleka penginepo.

Nyumba ya Fuoni, nje kabisa ya Mji Mkongwe, ina vyumba viwili, vyandarua viwili kwa watu sita, na maji yanayotoka alfajiri basi. Sina ugomvi na Fuoni. Ni mtaa wa watu wanaoishi zao, na mama mwenye nyumba alitupokea vizuri kuliko mlivyotupokea nyinyi mliolipwa. Jumamosi asubuhi, alipotuona tumekaa tunangoja kifungua kinywa ambacho hakuna aliyemwagiza, alikwenda jikoni kwake akatuletea chai ya tangawizi na mikate ya kusukuma, na hela akakataa. Katika maongezi akatwambia, bila kujua anatwambia nini, kwamba nyinyi mnamlipa 80,000 kwa usiku, nyumba nzima. Sote sita tukaacha kutafuna. Kwenye mchanganuo wenu malazi ni 900,000 kwa usiku mbili.

Kiongozi wa kutembeza tulikutana naye Darajani. Mliandika "mwenye leseni". Kitambulisho hakuwa nacho, na nilipomuuliza alisema amekisahau nyumbani. Haya, watu husahau. Lakini alipotusimamisha mbele ya soko la Darajani akatwambia hapa ndipo watumwa walipokuwa wakiuzwa, mwenzetu anayefundisha historia sekondari alishindwa kuvumilia. Soko la Darajani limejengwa 1904. Soko la watumwa lilikuwa Mkunazini, likafungwa 1873, na pale pale ndipo lilipojengwa kanisa kuu la Anglikana. Kijana akasema, "Yote ni yale yale, mwalimu." Mkunazini kwenyewe hatukufika. Tulifikishwa maduka matatu ya viungo na vitambaa, na kila tulipotoka dukani yeye alibaki nyuma kidogo na mwenye duka.

Ratiba ilisema pia tutaingia ndani ya Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, kuona makumbusho. Ndugu Meneja, sehemu ya jengo lile iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Nchi nzima ilipata habari. Sisi tulikuta limezungushiwa uzio wa ukarabati, na kijana wenu akatushauri tupige picha kwa nje. Ningependa kujua ratiba hii mliinakili wapi na mwaka gani, na kama kati yenu kuna aliyevuka maji tangu hapo.

Saa saba mchana, tukiwa Shangani, kiongozi akaaga anakwenda kuswali, tumngoje. Tukangoja. Sala ya adhuhuri haichukui saa moja, na simu yake ikawa haipatikani. Tukaamua kutembea wenyewe, tukapotea kama kila mtu anavyopotea kwenye vichochoro vile, na katika kupotea ndipo mwenye mtoto akasimama ghafla akasema, "Jamani, si ule mlango wetu?"

Ndio wenyewe. Nilitoa simu nikaiweka sambamba. Kwenye picha yenu, upande wa kushoto, safu ya tatu kutoka chini, kuna mashimo matatu ambapo misumari ya shaba imeng'oka. Mlangoni mashimo yalikuwepo, matatu, mahali pale pale, na nikaingiza kidole kimoja ili nihakikishe. Barazani alikuwa amekaa mzee wa kanzu na kofia, kikombe cha kahawa mkononi. Tukamwamkia shikamoo, akaitika, akaitazama ile simu, kisha akacheka kidogo.

"Mlango ndio huu," akasema. "Na hapo aling'oa mjukuu wangu kwa koleo, akiwa na miaka saba. Lakini nyumba hii haikodishwi, wanangu. Ya urithi hii, tunaishi wenyewe. Nyinyi kundi la nne tangu Iddi Kubwa."

La nne. Akatueleza kwamba kundi la tatu lilifika usiku saa tano, na mabegi, wakagonga mpaka mkewe, ambaye anaumwa, akaamka kwa hofu. Walikuwa wamelipa kama sisi na wanataka chumba chao. Mzee aliwaelekeza penginepo na mjukuu huyo huyo, sasa kijana mkubwa, akawabebea mizigo. Picha hajui ilipigwa lini. Hakuombwa ruhusa. Alituagizia kahawa kwa muuzaji aliyekuwa akipita, vikombe sita na kashata, akatukatalia kulipa, na mimi niliyekuja Zanzibar kama mpangaji wa nyumba yake nikanywa kahawa yake nimeinamisha kichwa.

Tangu siku ile wenzangu wananitania kwa kuniita Mama Mlango. Natabasamu. Lakini kijumbe akishapokea hela za wenzake, kila shilingi iliyopotea iko shingoni kwake, na sasa mmoja wao ameanza kuuliza kama mchezo wa mwaka ujao usishikwe na mtu mwingine. Hilo halina bei na silidai kwenu. Nalitaja tu mlijue.

Mashua ya kwenda kisiwa cha Changuu, iliyokuwemo kwenye malipo, haikuwepo. Saa tisa tulisimama ufukweni Forodhani kama mayatima, tukakodi ya kwetu kwa 120,000. Tukawaona wale kobe wakubwa wa asili ya Ushelisheli, na wote tukafurahi. Jumapili tulirudi kwa boti ya mchana, na siku hiyo sina la kusema.

Mtu wenu alinijibu kwamba picha za kwenye tangazo ni "za mfano". Nimelisoma tangazo mara tatu. Neno mfano halimo. Na hata lingekuwemo, Shangani nayo ni ya mfano? Vyumba vitatu ni vya mfano? Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mteja kuhusu huduma anayomuuzia. Sikuhitaji mwanasheria kunisomea hilo, ila ninaye mmoja katika ukoo na amekwisha isoma barua hii.

Madai yetu ni haya. Kwa malazi sidai 900,000 yote, kwa kuwa usiku mbili tulilala kweli na yule mama anastahili chake. Mlimlipa 160,000, rudisheni 740,000 zilizobaki. Rudisheni na 90,000 za kiongozi, 120,000 za mashua tuliyokodi wenyewe, na 110,000 za teksi za kutoka Fuoni kwenda mjini na kurudi usiku, ambazo tusingezitumia kama tungelala mahali tulipolipia. Jumla 1,060,000. Stakabadhi za mashua nimezipata kwa nahodha, za teksi ninazo mbili kati ya nne, na kwa zile nyingine mbili nimeweka nambari za gari na saa. Saa saba za bandarini sikuzitilia bei. Nesi alisema tuwasamehe, nami nimemsikiliza.

Fedha zirudi kwenye namba ile ile ya simu iliyowalipa, kwa mkupuo mmoja, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Punguzo la asilimia 15 hatulipokei, na naomba lisitajwe tena. Katika siku hizo hizo nipatieni pia namba ya leseni yenu ya TALA, yaani ya biashara ya utalii, ambayo nimeitafuta kwenye stakabadhi zenu zote mbili nisiione. Siku hizo zikipita kimya, nakala ya barua hii na viambatanisho vyake itakwenda Tume ya Ushindani hapa Dar es Salaam, na nyingine Kamisheni ya Utalii Zanzibar kwa habari ya huyo kiongozi asiye na kitambulisho.

Kuna jambo moja halihusu hela yetu, na hili halingoji siku 14. Ile picha iondoeni leo. Nimeangalia asubuhi hii kabla ya kuandika, bado ipo, na chini yake mmeongeza "Nafasi chache, Septemba". Kama kuna watu mmekwisha wauzia, wapigieni simu kabla hawajavuka, muwaambie wanakwenda Fuoni. Nyumba ya Shangani ina mgonjwa.

Wenu katika madai,

Kijumbe,
kwa niaba yangu na wenzangu watano