Jenereta isinunuliwe bila king'amuzi cha gesi

Mhariri,

Taarifa yenu kuhusu siku za msamaha wa kodi ya mauzo jimboni Texas, mwishoni mwa Aprili, ilieleza vizuri bei: jenereta ya kubebeka husamehewa kodi ikiuzwa chini ya dola 3,000, nayo gharama ya kufikishiwa nyumbani huhesabiwa ndani ya kiwango hicho. Lakini haikutaja king'amuzi cha kaboni monoksidi, yaani kifaa kinachopiga kelele kikihisi gesi hiyo ya sumu, ambacho nacho husamehewa kodi kikiuzwa chini ya dola 75. Hilo ni pengo kubwa.

Gesi hiyo hutoka kwenye moshi wa jenereta, na haina harufu wala rangi. Watu huweka jenereta barazani au gereji, wakidhani mlango ulio wazi unatosha, hautoshi. Ikae nje, angalau mita 6 kutoka nyumbani, bomba la moshi likielekea mbali na madirisha. Kwa kuleta umeme ndani kutoka huko nje, waya mwembamba wa taa haufai, maana hupata moto. Unahitajika waya mnene wa matumizi ya nje. Na kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani ni marufuku kabisa: umeme hurudi kwenye nyaya za mtaa na unaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo.

Naomba maduka ya Houston yapange ving'amuzi vya betri kando ya jenereta zenyewe, na maelekezo yabandikwe kwa Kiswahili pia, kwa ajili ya familia nyingi za Kikongo zinazoishi hapa. Gazeti lenu lichapishe maelekezo hayo kabla ya Juni, msimu wa vimbunga unapoanza.

Msomaji,
Houston, Texas